Sungura Asiyesahau: Vitabu vya Watoto vya John Kilaka

Wapenzi wa ushairi wataniwia radhi nikiwaletea safari hii vitabu ambavyo mtu mzima huvimaliza kabla chai yake haijapoa. Ni vitabu vya watoto, vyenye picha kubwa na maneno machache, na uhakiki wetu umevizoea vitabu vya namna hiyo kama mtu alivyouzoea mlango wa nyumba yake: huupita kila siku asiutazame. Nami nilikuwa miongoni mwa wapitao. Nimetunga na kufasiri mashairi kwa miaka mingi bila ya kupita chuo chochote, nikijifunza arudhi kwa kuhesabu mizani za wenzangu kwenye vidole, na haikupata kunijia kwamba kitabu cha watoto kingeweza kuniongezea neno juu ya kazi hiyo. Kilichonisimamisha ni jina la mti.

Mwenye kitabu ni John Kilaka, mchoraji na msimulizi wa hadithi, nami namwandikia kutoka Tunduma. Msomaji wa pwani aliyepata kuusikia mji huu aghalabu ameusikia kwa foleni ya malori yaendayo Zambia na Kongo, kwa wabadilishaji wa fedha walioshika vibunda vya kwacha mkononi, au kwa reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Lakini Tunduma ni njia panda vilevile. Kabla ya kulifikia geti la mpaka, barabara moja huchepuka kulia, ikakata wilaya ya Momba, ikapita Laela na kuelekea Sumbawanga, mwendo wa kilomita zaidi ya 200. Zamani ulikuwa mwendo wa vumbi wa kutwa nzima, siku hizi ni lami. Huko, katika pembe ya kusini-magharibi ya nchi yetu, ndiko alikozaliwa Kilaka mwaka 1966, na mabasi yatokayo kwao kwenda Dar es Salaam ndiyo haya tunayoyaona yakipita hapa alfajiri taa zikiwaka.

Mkoa wetu wa Songwe ni mchanga. Ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na hata leo ukienda mbali utaambiwa wewe ni mtu wa Mbeya. Wenyeji wake ni Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na Wawanda, na ukiendelea na ile barabara ya Laela unaingia kwa Wafipa bila ya kuona mahali lugha ilipobadilika ghafla. Ngano nazo hupita hivyo hivyo. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyekaa Ufipa, alichapisha mwaka 1978 kitabu kizima juu ya sanaa ya masimulizi ya watu hao, na mtu wa hapa akikisoma hukutana na mambo ambayo nyanya yake alimwambia kwa lugha nyingine. Kwa hiyo ninapovifungua vitabu vya Kilaka sivifungui kama mgeni. Lakini nakala ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilifika mkononi mwangu kutoka Lusaka, ndani ya begi la rafiki. Katika maduka ya vitabu na madaftari ya Tunduma na Vwawa kitabu chake sijapata kukiona.

Kilaka alitoka nyumbani, akaingia Dar es Salaam, akajiunga na wachoraji wa Tingatinga. Msomaji anaijua asili ya sanaa hiyo, ila nitaikumbusha kwa maneno machache kwa kuwa hoja yangu inasimama juu yake. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za mafuta za dukani, zile zinazong'aa ambazo watu walikuwa wakipakia milango na baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Miaka yake ya kuchora haikufika hata kumi. Jamaa na wanafunzi aliowaacha ndio waliozaa shule nzima ya uchoraji, ambayo makao yake yalijulikana pale Morogoro Stores, Oysterbay.

Picha ya Tingatinga kwa kawaida yake ni jina lisilo na kitenzi. Chui yupo. Ndege wawili wapo. Mbuyu upo. Nyuma yao kuna uwanja mmoja wa rangi, mbele yao hakuna lolote linalotokea, na mnyama hutazama nje ya picha kama aliyeitwa na mpiga picha. Si kasoro, picha hiyo ilichorwa ili itundikwe ukutani kwa mgeni, na kitu cha ukutani hakitakiwi kumsumbua mwenye nyumba kwa kumwuliza nini kitafuata. Wachoraji wengi wa shule hiyo wameishi na kufa wakichora chui yule yule, na wengine wakamchora vizuri sana.

Kilaka aliitia picha hiyo kitenzi. Hiyo kwangu ndiyo jadi yake na ndiyo ubunifu wake kwa pamoja. Aliichukua ile rangi bapa inayong'aa, na yale macho makubwa ya duara, na ule mstari mweusi unaomzunguka mnyama, kisha akamtaka chui ageuke amtazame mwenziwe. Mnyama akishamtazama mwenziwe tayari kuna jambo baina yao: kuna deni, au wivu, au siri. Hapo ukurasa unadai ukurasa mwingine. Anayedhani ni jambo jepesi ajaribu kuchukua picha kumi za Tingatinga kutoka sokoni na kuzifanya hadithi. Atakuwa na picha kumi.

Yasemwayo juu ya kazi yake ni kwamba huzunguka vijijini akiwasikiliza wazee na kuyahifadhi wanayomsimulia. Vitabu vyake vitatu ninavyovizungumzia hapa vilitoka kwanza Uswisi kwa lugha ya Kijerumani, kwa msukumo wa mfuko wa Baobab, unaochapisha huko vitabu vya watoto kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kisha vikatolewa kwa Kiingereza huko Amerika ya Kaskazini. Cha samaki kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2005, cha marafiki mwaka 2006, na cha mti mwaka 2009. Nitavitaja kwa majina niliyovipa mwenyewe katika daftari langu la tafsiri: Samaki Wabichi, Marafiki wa Kweli na Mti wa Ajabu.

Kabla ya kuviingia, nguo. Wanyama wa Kilaka huvaa nguo, na mhakiki mvivu atasema kwamba hilo ni la kawaida katika vitabu vya watoto duniani kote. Ni la kawaida, ila mavazi hayana maana moja kila mahali. Mwaka 1931 Mfaransa Jean de Brunhoff alichapisha kitabu cha tembo aitwaye Babar. Hadithi ile ilianzia mdomoni mwa mkewe, Cécile, aliyewasimulia watoto wao, na baba akaichora. Kwa hiyo nayo ni ngano ya nyumbani kabla ya kuwa kitabu. Humo mwindaji anamwua mama yake Babar, mtoto anakimbilia mjini, bibi mmoja tajiri anampa mkoba wake wa fedha, naye ananunua suti ya kijani na kofia na viatu. Anarudi msituni kwa gari amevaa, na tembo wenziwe wanamtawaza kuwa mfalme kwa sababu amejifunza mengi alipokaa na watu. De Brunhoff alikuwa mchoraji mkubwa, na kurasa zake pana ni raha kwa macho hata leo. Lakini mtoto wa Afrika akiulizwa nguo za yule tembo zimetoka wapi, jibu limo kitabuni: zimetoka kwa bibi wa mjini, na ufalme ukafuata nguo.

Tembo wa Kilaka hana aliyemvisha. Kavaa kama tunavyovaa sisi tunapotoka kwenda kwa jirani, na kwa kuwa wote wamevaa, vazi halimpandishi yeyote daraja. Kijiji chao hakina mji mkubwa wa mbali unaokitolea hukumu. Ugomvi wao wanausuluhisha wenyewe, na vibaya wakati mwingine.

Samaki Wabichi ndicho kitabu ninachokipenda kwa picha na kukivumilia kwa mwisho wake. Sokwe amevua samaki wengi na anakwenda nao sokoni. Mbwa anawatamani, anawaiba, anakamatwa, anashtakiwa mbele ya wanyama wote na kuhukumiwa kupanda miti. Safari ya kwenda sokoni imejaa uhai. Mtu aliyewahi kusimama sokoni Tunduma siku ambayo samaki wa Ziwa Rukwa na wa Tanganyika wamewasili ataitambua ile hali ya kila jicho kuwa juu ya tenga moja. Lakini ile hukumu! Imetoka kwenye bango la serikali, ile kaulimbiu ya kata mti panda mti tuliyoikariri shuleni. Ngano za bara zina adhabu kali na zina adhabu za kuchekesha; adhabu yenye manufaa kwa mazingira ni ya warsha. Nadhani Kilaka alimsikia hapo mtu mzima aliyesimama nyuma ya mtoto, akamjibu yeye.

Marafiki wa Kweli ni kazi iliyokomaa zaidi. Panya na Tembo ni marafiki. Panya peke yake ndiye ajuaye kuwasha moto, na wanyama wote humtegemea kwa hilo. Tembo anamshawishi Panya kwamba akiba yao ya chakula iwekwe nyumbani kwa Tembo, na Panya, kwa kuwa ni rafiki, anakubali. Unapofika wakati wa njaa Tembo anakataa kutoa. Panya anahama. Kijiji kinabaki na chakula kisichopikika na usiku usio na moto, na inabidi Panya atafutwe, na Tembo aombe radhi.

Nimemsikia mwalimu mmoja akikieleza kitabu hiki kuwa ni cha urafiki. Ndivyo jina linavyosema. Lakini hapa tulipo, katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mahindi ndiyo shule na ndiyo bati na ndiyo mahari, mtoto haoni urafiki kwanza. Anaona ghala. Anajua mjadala wa nyumbani kwao kila mwaka baada ya mavuno: tuuze sasa bei ikiwa chini, au tuweke, na tukiweka tuweke kwa nani, ufunguo akae nao nani. Anajua kwamba mwenye nyumba kubwa hujitolea kuwahifadhia wenzake kwa moyo mkunjufu sana. Kilaka ameichora hali hiyo bila ya kuihubiri. Na ona jinsi Panya anavyojibu. Katika ngano tulizozizoea, mdogo aliyedhulumiwa hurudi na hila, akamtumbukiza mkubwa shimoni. Panya wa Kilaka hana hila yoyote. Anaondoka tu na ujuzi wake. Sijui ngano nyingi zinazoonyesha kwa uwazi hivi kwamba mnyonge ana kitu ambacho mwenye nguvu hukihitaji na hajui kama anakihitaji. Kasoro yake ni kwamba radhi inaombwa na kukubaliwa upesi mno. Njaa hukumbukwa kwa muda mrefu kuliko kurasa mbili.

Sasa tuje kwenye mti.

Ukame umeingia, wanyama wana njaa, na katikati ya nchi iliyokauka umesimama mti mmoja uliojaa matunda mabivu. Matunda hayaanguki. Wanautikisa, hayaanguki. Sungura anapendekeza waende kwa Kobe, mwenye hekima, wakaulize. Wakubwa wanambeza kwa udogo wake na kusema wataenda wao. Kobe anawaambia kwamba matunda yataanguka mti utakapoitwa kwa jina lake, na jina lake ni Ntungulu Mengenye. Wajumbe wanarudi, na njiani jina linawatoka. Wanatumwa wakubwa wengine, na jina linawatoka nao. Mwishoni anakwenda Sungura, anarudi nalo, mti unaitwa, matunda yanaanguka.

Ngano ya jina la mti ni ya Wabantu wengi. Mmarekani Edith Rickert aliiandika mwaka 1923 katika kitabu cha mti wa Bojabi, na huko Kanada Celia Barker Lottridge aliitoa tena mwaka 1989, na humo mti unaitwa Ungalli. Katika hizo zote mbili anayelikumbuka jina ni kobe, na anayelitoa ni mfalme. Yaani jina ni mali ya mtawala, na mtu mdogo mwenye mwendo wa polepole ndiye anayefaulu kulibeba. Ni hadithi nzuri kwa namna yake, maana polepole ya kobe inakuwa sababu ya kumbukumbu yake.

Katika simulizi ya Kilaka mfalme hayupo. Kobe amepandishwa akawa mjuzi, mzee anayeishi kando na asiyetaka kitu, na kazi ya kukumbuka amepewa Sungura. Hapa ndipo niliposimama. Sungura wetu tunamjua: mwongo, mwizi wa asali, mla njama, anayemfunga fisi kwa kamba na kumwachia kesi. Katika ngano nyingi akili yake ni ya kudanganya. Humu hadanganyi mtu hata mara moja. Anapendekeza, anadharauliwa, ananyamaza, anasubiri zamu yake, anakwenda, anarudi na neno kama alivyopewa, bila ya kulipunguza wala kulitia chumvi. Ni Sungura aliyefanywa mpokezi. Sidhani kwamba kuna taswira ya mshairi wa jadi iliyo nzuri kuliko hiyo, mtu ambaye sifa yake yote ni kwamba alilipokea neno likiwa zima akalifikisha likiwa zima.

Na hadithi yenyewe imejengwa kama shairi. Kila safari ya wakubwa ni ubeti, na kila ubeti unakwisha kwa kituo kimoja, nacho ni kusahau. Msikilizaji anakingoja kituo hicho na anafurahi kinapofika, ijapokuwa ni habari mbaya. Ubeti wa mwisho unakibadilisha kituo. Malenga wetu wa pwani waliweza kuhifadhi tenzi za beti mamia kifuani kwa kuwa kina kilimwita kina na mizani ikamkemea aliyekosea. Wanyama wakubwa wanalibeba jina kama mzigo wa maana tu, na maana ya jina hilo hawana. Hawakulitia katika mwendo, kwa hiyo kikwazo kidogo cha njiani kinatosha kulimwaga. Mimi niliyejifunza arudhi kwenye vidole vyangu nilijiona mjinga kidogo, kwamba jambo nililolitafuta katika vitabu vizito lilikuwa limelala katika kitabu ambacho mtoto angeweza kunisomea.

Nikataka kukifasiri. Yaani kukirudisha, maana neno kufasiri hapa linatia aibu kidogo: hadithi iliyotoka kwenye masimulizi ya nchi yetu, ikaenda kwa Kijerumani, ikaenda kwa Kiingereza, ikashuka kutoka Lusaka katika begi, nami ninaitafutia Kiswahili. Sina lawama kwa Waswisi. Walimpa mchoraji karatasi nzuri na rangi zisizofifia, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayefanya kazi kwa rangi. Huku kwetu Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umesaidia vitabu vingi vya Kiswahili kuchapwa na kufika shuleni, na pengine mtoto mmoja wa Momba anasoma kimoja wapo sasa hivi. Lakini kuna jambo hutokea kwa hadithi ikiwa msikilizaji wake wa kwanza yuko mbali: inaanza kujieleza. Katika Kiingereza muuza samaki anaitwa Sokwe Chimpanzee, yaani mnyama na tafsiri yake wamefungwa pamoja, ili mtoto wa ng'ambo apate ladha ya lugha ngeni bila ya kupotea. Nikikirudisha kwa uaminifu kamili nitalazimika kumwita Sokwe Sokwe. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona kwamba si la kucheka sana.

Tembo alinipa taabu nyingine. Huku bara ni tembo, hakuna neno jingine linalotumika. Lakini nikiwapelekea watoto wa Unguja hadithi ya tembo aliyekataa kutoa akiba yake wakati wa njaa, wazee watauliza ni tembo gani, wa porini au wa mnazi. Ndovu ni neno zuri na limekaa vizuri kwenye mizani, ila mtoto wa Tunduma hatalijua mpaka alione kwenye chupa ya bia. Nimeandika tembo. Wahariri wakipenda kubadilisha shauri yao.

Jina la mti sikuligusa. Kwa hesabu ya Kiswahili Ntungulu lina mizani nne, maana ile N inasimama yenyewe kama katika nta na nchi. Mengenye lina tatu. Jumla saba. Kipande cha utenzi kinataka nane, na nilikaa jioni mbili nikijaribu kuutunga ubeti ambao jina hilo lingekuwa kituo chake, likawa linapungua mizani moja kila nilipolirudia. Nilikuwa karibu kulitia neno la kujazia, kama tunavyofanya wote tunapobanwa.

Jumamosi moja nikawasimulia watoto wa majirani, ukutani, kitabu nimekishika wazione picha na Kiswahili kikitoka kinywani. Kwenye safari ya kwanza walinyamaza. Ya pili walianza kucheka kabla mjumbe hajasahau. Ya tatu wakawa wanapiga makofi na kulitamka jina wao, ili kumsaidia mnyama asilisahau, na walipolitamka walilivuta mwishoni: Ntungulu Mengenyee. Nane. Nilihesabu kwenye vidole chini ya kitabu.

Mmoja wao, wa kike, wa miaka minane hivi, akauliza kwa nini wale wanyama hawakuliandika jina kwenye simu. Wenzake wakamwambia wanyama hawana simu. Akasema, lakini nguo wanazo. Sikuwa na la kumjibu.

Pembeni yetu alikuwa amekaa bibi wa nyumba ya tatu, Mnyamwanga, anachambua maharage kwenye ungo. Hadithi ilipokwisha akasema ile anaijua. Kwao walikuwa wakiambiwa na shangazi yao, msimu wa kupukuchua mahindi, na mti ulikuwa karibu na mto, na aliyetumwa mara ya kwanza alijikwaa kwenye kisiki. Nikachukua kalamu. Nikamwuliza kwao mti uliitwaje.

Alifikiri kwa muda mrefu, mkono umesimama kwenye ungo. Akasema walikuwa wakiimba, na wimbo wake anaukumbuka, na akaanza kuuvumisha kwa pua, bila maneno, mpaka ulipofika mahali pa jina akanyamaza. Limenitoka, akasema. Watoto walicheka wakidhani anaigiza, naye akacheka nao. Baadaye akaniambia kwamba dada yake anaweza kulijua, yule aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kutoka hapa kwetu mpaka Nakonde ni mwendo wa miguu. Hadi ninapoiandika makala hii hajaenda bado, kwa sababu ya miguu yake, nami nimeacha nafasi wazi kwenye daftari.